Katika Kuutamani Ujana na Kuuchukia Uzee

Mwanadamu hupenda mambo mawili yasiyopatana. Hupenda kuishi miaka mingi, na huchukia kuwa mzee. Akiugua huomba apone, na akipona huomba umri; na umri alioomba ukimjia pamoja na mvi zake na mkongojo wake, huuona kama mgeni mwovu aliyeingia nyumbani bila ya hodi. Kumbe mgeni huyu hakuja illa kwa kuitwa. Hakuna njia ya kuukosa uzee illa moja, nayo ni kufa kijana, na njia hiyo hakuna aitakaye. Basi jambo lifaalo kutazamwa ni hili: huku kuutamani ujana baada ya kupita wakati wake, je, ni haja ya maumbile isiyokuwa na lawama, au ni upungufu wa akili, au ni ubaya umdhuruo mtu mwenyewe na walio pamoja naye?

Tamaa hii si mpya. Wazee wamehadithiana tangu zamani kisa cha Maji ya Uzima, ya kuwa Iskandari alikwenda na majeshi yake mpaka katika nchi ya giza kuyatafuta, akarudi mikono mitupu, ikawa aliyeyanywa ni Khidhri ambaye hakuwa na jeshi wala taji. Kisa hiki ni ngano, lakini waliokitunga walijua neno: kwamba mwenye mali na nguvu ndiye azidiye kuuogopa uzee, kwa kuwa ndiye mwenye vingi vya kuachia. Kilichokuwa ngano zamani, leo kimekuwa biashara. Maji ya Uzima yamo madukani, katika vikopo na chupa na sindano, na kila kikopo kina picha ya uso usiokuwa na kunyanzi hata moja.

Katika mwezi wa Mei 2024, katika mji wa Cannes nchini Ufaransa, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza sinema iitwayo The Substance, iliyotungwa na kuongozwa na mwanamke wa Kifaransa, Coralie Fargeat. Ilipewa tuzo huko kwa utungaji wake, na mwaka 2025 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani kwa ufundi wa kubadili sura za wachezaji. Haisemwi hapa kuwa watu waende kuitazama, maana ina uchi mwingi na damu nyingi kupita kiasi. Lakini khabari yake ina mazingatio, na mwenye akili huokota lulu hata ikiwa imeanguka matopeni.

Khabari yenyewe ni hii. Alikuwako mwanamke, jina lake Elisabeth, aliyekuwa mashuhuri katika ujana wake hata nyota yenye jina lake ikawekwa katika njia wapitayo watu. Kazi yake ilikuwa kuonekana katika televisheni akifundisha mazoezi ya mwili. Siku alipotimiza miaka 50, mkubwa wa kazi, ambaye mwenyewe ni mzee na sura yake si ya kutamanika, alimfukuza kwa sababu ya umri. Kisha akaletewa siri ya dawa. Akajidunga sindano, mgongo wake ukapasuka, akatoka humo mwanamke wa pili, kijana, mzuri, asiyekuwa na ila. Sharti la dawa lilikuwa kwamba wawili hao ni mtu mmoja: kijana ataishi siku saba na mzee alale, kisha mzee ataishi siku saba na kijana alale, pasipo kuzidisha hata siku moja. Na kijana hawezi kusimama illa kwa maji avutayo kila siku katika uti wa mgongo wa yule mzee.

Haikuchukua muda, yule kijana akapewa kazi ile ile aliyofukuzwa mzee, na watu wakamsifu. Akaona siku saba hazimtoshi. Akaiba siku moja, na mzee alipoamka alikuta kidole chake kimoja kimekuwa cha ajuza. Akaiba nyingine, ikawa mguu. Mwishowe akaiba miezi mitatu, na mzee akaamka kibiongo, hana nywele, hatambulikani. Wakachukiana na kutukanana, kila mmoja akimwita mwenziwe mwizi, hali ya kuwa ni nafsi moja. Mwisho wake kijana alimwua mzee kwa mikono yake. Na kwa kuwa shina limekatwa, tawi likaanza kukauka, meno yakamwanguka. Akaitumia dawa mara ya pili, akatoka kiumbe kisichokuwa na umbo la mtu, nacho kikayeyuka juu ya ile nyota ya njiani.

Katika kisa hiki liko jambo moja ambalo mtazamaji aliyeshughulika na vitisho vyake aweza kulipita bila ya kuliona. Kabla ya kuuawa, yule mzee alipata nafasi ya kuyakomesha yote. Dawa ya kumwondoa kijana ilikuwa mkononi mwake, na sindano alikwisha kuichoma. Akasita, akaacha katikati. Hakusita kwa huruma, bali kwa sababu yule kijana ndiye sehemu yake ya pekee iliyopendwa na watu. Alikwisha kuyakubali yale waliyomwambia, kwamba yeye pasipo ujana si kitu. Hapo ndipo palipo ugonjwa. Sindano haikumletea ugonjwa, ilimkuta nao.

Amma mtu atasema: hayo ni mambo ya Marekani na Ufaransa, ya wanawake wa sinema, yatuhusu nini watu wa pwani na bara yake? Jibu ni kuwa tamaa ni moja, na nguo zake ndizo mbalimbali. Na atakaye kuuona uzee unavyotazamwa mahali pasipokuwa na sinema wala televisheni za namna hiyo, na aliangalie bonde la Kilombero.

Bonde hilo liko kusini ya nchi ya Tanzania, chini ya milima ya Udzungwa, na mji wake mkubwa ni Ifakara. Ni nchi ya mto na mafuriko na mpunga. Mwaka 2002 uwanda wake wa maji uliandikwa katika mapatano ya dunia ya Ramsar kuwa ni katika ardhi oevu za kuhifadhiwa. Wakati wa kilimo watu wengi huziacha nyumba zao wakahamia mashambani, wakalala katika madungu kulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Lakini maji yale yale yaleteayo mpunga yalileta mbu, na mbu akaleta homa ya malaria. Waliochunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika vijiji vya karibu na Ifakara walikadiria kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye ugonjwa zaidi ya mara 300 katika mwaka mmoja. Katika nchi ya namna hiyo watu waliozika watoto walikuwa wengi, na kufika kuota mvi lilikuwa jambo kubwa.

Ingedhaniwa basi kwamba mahali ambapo uzee ni adimu, mzee angepewa heshima zaidi. Na kwa wengi ndivyo ilivyo. Lakini huzuni ina maswali mabaya. Mtoto akifa, na mwingine akifa, na bibi wa jirani angali anaota jua mlangoni pake, moyo uliojeruhiwa huuliza: mbona huyu anaishi na hawa wanakufa? Anakula nini? Katika Ulanga na Kilombero imejulikana kwa miaka mingi desturi ya kumpeleka mtuhumiwa wa uchawi kwa mganga, akanyolewa nywele zake na kupewa dawa, na mara nyingi mtu huyo huwa ni mtu mzima. Mwanachuoni wa Kiingereza, Maia Green, ameieleza desturi hii katika kitabu chake Priests, Witches and Power kilichotoka mwaka 2003. Wanaoitetea husema kuwa aliyekwisha kunyolewa hurudi kwake akakaa na watu, na hilo ni bora kuliko kuuawa, kama walivyouawa akina bibi wengi katika Usukuma kwa kosa la kuwa na macho mekundu, wekundu ambao huletwa na moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Ni kweli kwamba kunyolewa ni bora kuliko kuuawa. Lakini haki haipimwi kwa kulinganishwa na dhuluma iliyo kubwa zaidi. Mtu aliyeishi miaka 70 kwa rizki ya Mwenyezi Mungu, kwa nini alazimishwe kuzitoa nywele zake ili asamehewe kosa la kuishi?

Hapa sinema ya Kifaransa na kijiji cha bondeni vimekutana, ijapokuwa vimekuja kwa njia mbili. Katika sinema kijana amemla mzee. Katika tuhuma za kijijini, mzee ndiye asemwaye kuwa amewala vijana. Dhana iliyo chini yake ni moja: kwamba uhai ni kama chungu kimoja cha wali, na kila tonge alipatalo huyu limepungua kwa yule. Ikiwa dhana hii ni kweli, basi hakuna budi mzee na kijana wawe maadui. Lakini si kweli, na ushahidi umepatikana katika bonde lile lile.

Ifakara kulijengwa nyumba ya uchunguzi wa maradhi, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na wanachuoni wa Uswisi wakiongozwa na Rudolf Geigy, na leo ni taasisi ya Kitanzania iitwayo Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1996 watu wa kazi hiyo walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakiandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Wakati huo huo vikaletwa vyandarua vilivyotiwa dawa, vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu. Hesabu ilipotangazwa mwaka 2001, ilionekana kuwa kwa watoto wa tangu mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala katika vyandarua hivyo, kunusurika kuliongezeka kwa asilimia 27.

Na mwenye akili azingatie hesabu hiyo. Hakuna bibi aliyenyolewa ili watoto hao wanusurike. Hakuna mzee aliyepungua hata siku moja ili wao waongezewe. Mlaji wa watoto alikuwa mbu, na miaka yote hiyo bibi alikuwa akitwikwa mzigo wa mbu. Tena azingatie jambo la pili: elimu ile haikumrudisha mzee utotoni, bali ilimfungulia mtoto njia ya kuufikia uzee. Hiyo ndiyo dawa ya kweli katika mlango huu. Dawa iahidiyo kurudisha nyuma miaka iliyokwisha kupita humnyang'anya mtu alicho nacho. Na dawa imlindayo mtu asife kabla ya wakati humpa asichokuwa nacho. Watu waliolala ndani ya vyandarua hivyo utotoni leo ni vijana wenye watoto wao, na Mungu akipenda wataota mvi. Je, watakapoota mvi hizo wazionee haya?

Atasema msemaji: ikiwa uzee ni neema, mbona Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiomba kukingwa na umri ulio duni? Na mbona dini imehimiza usafi na kujipamba? Jawabu ni kwamba mambo matatu yamechanganywa, nayo yafaa yatengwe.

La kwanza ni kuuhifadhi mwili. Mtu ale kwa kiasi, atembee, ajitibu, ayalinde macho na meno yake. Hili ni wajibu, kwa kuwa mwili ni amana. Aliyeomba kukingwa na umri duni hakuomba arudi kuwa kijana. Aliomba asifikwe na hali ya kupotewa na akili na kuwa mzigo, na kila mwenye busara huomba hivyo. Na imepokewa kuwa watu waliruhusiwa kutafuta dawa ya kila maradhi, kwa kuwa kila maradhi yameumbiwa dawa yake, illa moja tu lililotolewa, nalo ni uzee. Hii haina maana ya kuwa mzee asitibiwe. Maana yake ni kuwa maradhi ya mzee yana dawa, lakini uzee wenyewe si katika maradhi yaondokayo.

La pili ni pambo. Siku ya kutekwa Makka aliletwa Abu Kuhafa, baba yake Abubakari, na kichwa chake na ndevu zake zimekuwa nyeupe pe. Ikaamrishwa zibadilishwe rangi, na weusi uepukwe. Kwa ajili hiyo wazee wa pwani hupaka hina katika ndevu, na hakuna alaumuye, maana hina haimdanganyi mtu: aionaye ndevu nyekundu hujua kuwa chini yake ni nyeupe. Imamu Nawawi, na watu wa pwani wengi ni wafuasi wa madhehebu yake ya Shafii, ameshikilia kuwa kupaka weusi ni haramu.

La tatu ni kuukana umri, na hili ndilo lenye lawama. Mpaka wake na pambo si rangi peke yake, bali ni nia na madhara. Imamu Ghazali katika Ihyaa amehadithia kuwa katika zama za Sayyidna Umar mwanamume mmoja alioa huku amezitia weusi mvi zake. Rangi ilipotoka, weupe ukaonekana, jamaa wa mke wakamshitaki. Umar akaivunja ndoa na kumwadhibu kwa kuwahadaa watu kwa ujana asiokuwa nao. Na waazingatie kisa hiki wale wapakao piko katika ndevu wiki moja kabla ya kupeleka posa. Tena piko hizo za kisasa zina kemikali ambayo kwa baadhi ya watu huunguza ngozi na kuivimbisha, basi mtu hupata dhambi na jeraha kwa bei moja.

Mbaya kuliko piko ni mkorogo, ambao wanawake wengi, na wanaume pia, huupaka ili ngozi iwe nyeupe na laini kama ya mtoto. Ndani yake hukutwa haidrokwinoni, na zebaki, na dawa za steroidi zilizotengenezwa kwa ajili ya maradhi maalumu. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hata ikachanika mistari. Zebaki hudhuru mafigo. Na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huirudisha ngozi katika weusi wa bluu usiotoka, yaani humpa mtu kinyume cha alichonunua. Serikali ya Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivi, na bado vinauzwa. Uso ulioharibiwa na mkorogo si mchezo wa sinema. Ni ile ile khabari ya siku zilizoibwa: leo hupendeza, na deni hulipwa kesho na mwili ule ule.

Sasa lililobaki ni kumjua mwenye kosa. Wanaume wakikaa barazani huwacheka wanawake wenye mikorogo, wakasema wanawake hawana akili. Lakini mkorogo haukuzaliwa katika kioo. Ulizaliwa katika kinywa cha mwanamume aliyesema mbele ya mkewe kuwa binti fulani ni mweupe, na katika macho ya mume ambaye, baada ya mke kumzalia watoto sita na kumwuguza na kumwekea heshima yake, humtazama kama kanzu iliyochakaa. Katika sinema ile, aliyemfukuza mwanamke kwa sababu ya miaka 50 alikuwa mwanamume mwenye kunyanzi zaidi kuliko yeye. Na hakuna aliyemwuliza umri wake. Sheria imemruhusu mwanamume kuoa wake zaidi ya mmoja kwa sharti la uadilifu. Haikumruhusu kumdhili wa kwanza kwa kosa la kuzeeka ndani ya nyumba yake. Miaka aliyozeeka ndiyo miaka ile ile aliyomtumikia.

Vivyo hivyo mzee akikaa barazani na vijana wakamkatiza maneno yake, na mama mkongwe akiachwa chumba cha nyuma asilete aibu mbele ya wageni, na bibi wa kijijini akitajwa kwa uchawi kwa kuwa ameishi zaidi ya wajukuu wake, hayo yote ni sindano ile ile ya mgongoni. Watu huvuta nguvu katika mgongo wa mzee: wanakaa katika nyumba aliyoijenga, wanalima shamba aliloling'oa visiki, wanasema lugha aliyowafundisha, kisha humchukia kwa kuwa mgongo umepinda.

Kinyume cha hayo kinawezekana, tena bila ya gharama kubwa. Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumpa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mtumishi wa serikali au mvuvi au mama wa nyumbani, na baadaye ikaongezwa. Fedha hizo si nyingi. Maana yake ndiyo kubwa: mzee hakuulizwa anafaa kwa kazi gani, kuishi kwake peke yake kumehesabiwa kuwa ni haki. Na nyumba yoyote yaweza kufanya mfano wa hayo bila ya kungoja serikali, kwa kumpa mzee nafasi ya kwanza katika sinia, na neno la mwisho katika shauri, na mtu wa kumshika mkono kwenda msikitini.

Imepokewa kuwa ajuza mmoja alimwomba Mtume amwombee kuingia Peponi, akaambiwa kwa mzaha kuwa Peponi haingii ajuza. Alipolia, akaelezwa kuwa ataingia, lakini ataingia akiwa amefanywa kijana. Katika kisa hiki tamaa ya ujana haikulaumiwa, wala yule bibi hakuaibishwa kwa kuitaka. Ameahidiwa, illa ahadi yenyewe imewekwa mahali pake. Ujana wa kudumu ni zawadi ya huko, haununuliwi huku kwa kikopo wala hauibwi katika mgongo wa mwingine.

Wakulima wa Kilombero huujua mpunga uliokomaa kwa kuinama kwake. Mpunga mbichi husimama wima na kupendeza macho, lakini hakuna anayeuvuna. Mkulima aliyeukesha katika dungu miezi yote, akifukuza ndege usiku na mchana, hauoni ule uliokwisha kuinama akaukasirikia kwa kuwa haukubaki kijani. Aliulinda ili uiname.